Fomu ya Malaria: Safari ya Makunduchi Hadi Winguni

Mgonjwa wa malaria anapogunduliwa katika kituo cha afya kisiwani Unguja, kumtibu ndiyo sehemu iliyo nyepesi. Kazi nzito huanza baadaye. Hapana budi nyumba yake itafutwe, watu anaoishi nao wapimwe hata kama hawajisikii wagonjwa, na wenye vimelea watibiwe kabla mbu hawajavichukua na kuvipeleka nyumba ya pili. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya mwaka 2008 kiwango cha maambukizi katika Unguja na Pemba kilikuwa chini ya asilimia 1. Ugonjwa ukishapungua kiasi hicho, mgonjwa mmoja si tarakimu tena; ni moshi unaoonyesha mahali penye moto. Zanzibar inafahamu vyema hatari ya kuupuuza moshi huo. Kampeni ya kwanza ya kutokomeza malaria, iliyoendeshwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ilisitishwa mwaka 1968, na miaka michache baadaye ugonjwa ulikwisha kurudi kwa wingi. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 idadi ya wagonjwa ilipanda tena ghafla.

Kwa hiyo taarifa ya mgonjwa mmoja ina thamani kubwa, na thamani hiyo hupungua kila siku inayopita. Mwaka 2008 programu ya malaria ya Wizara ya Afya Zanzibar ilianza kupokea taarifa za vituo kwa simu za mkononi. Mwaka 2012 ikafuata hatua ya pili: kila mgonjwa akaanza kutolewa taarifa yake peke yake, na taarifa hiyo ikamfikia afisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya, ambaye hupitia kumbukumbu za kituo na kisha kwenda hadi nyumbani kwa mgonjwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliupima mpango huo kwa miaka ya 2015 na 2016. Katika Unguja, vituo vya serikali vilitoa taarifa za asilimia 91 ya wagonjwa walioandikishwa, na asilimia 74 walifuatiliwa hadi nyumbani. Lakini wale ambao kila hatua yao ilikamilika ndani ya siku moja, yaani kutoka kupimwa hadi kutolewa taarifa, kutoka taarifa hadi kupitiwa kwa kumbukumbu, na kutoka hapo hadi kufikiwa kwa kaya, walikuwa asilimia 25 tu.

Si haki kuilaumu kompyuta kwa upungufu wote huo. Yako mengi njiani ambayo hayana uhusiano wowote na kompyuta: muuguzi mwenye foleni ndefu, petroli ya pikipiki, mashua ya kuvukia Tumbatu, mwenye nyumba aliyekwenda shamba na ufunguo wake. Hata hivyo ipo hatua moja ambayo haionekani kwa macho, nayo ni ile ambapo fomu iliyojazwa kwenye kioo cha kishikwambi huko Makunduchi inatakiwa ifike katika hifadhidata iliyo mbali. Ikikwama hapo, hakuna vumbi wala kelele ya kumjulisha mtu kwamba imekwama.

Pande mbili za programu moja

Chombo kilichotumiwa Zanzibar kwa kazi hiyo kiliitwa Coconut Surveillance, programu huria iliyotengenezwa na taasisi ya RTI International ya Marekani kwa kushirikiana na programu ya malaria ya Zanzibar. Jina lake linataja nazi, na kwa visiwa vya minazi si jina baya. Fomu zake ziliandikwa kwa lugha za kivinjari, yaani ile programu inayofungua kurasa za intaneti, nazo kumbukumbu zikawekwa katika hifadhidata iitwayo CouchDB, iliyobuniwa mwaka 2005. Sababu ya kuichagua hifadhidata ya namna hiyo itaonekana mbele.

Mfumo wowote wa aina hii una pande mbili. Upande wa mbele ni ukurasa ambao mtumiaji huuona: nafasi ya kuandika jina la shehia, kitufe cha kuhifadhi, ramani. Upande wa nyuma ni huduma isiyo na sura, ambayo kazi yake ni kupokea, kukagua, kuweka na kutoa kumbukumbu. Duka la Darajani nalo liko hivyo hivyo: mteja husimama mbele ya meza, na ghala liko nyuma ya ukuta. Mteja haingii ghalani. Husema anachotaka, na aliye ndani humletea.

Mfano huo wa duka ni mzuri, lakini una kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi ya watengenezaji wanaoanza. Katika duka, meza na ghala viko chini ya paa moja. Katika intaneti ukurasa huhifadhiwa katika seva pamoja na huduma, lakini haufanyi kazi hapo. Mtumiaji anapoufungua, ukurasa wote husafirishwa pamoja na maagizo yake hadi kwenye kifaa chake, na kuanzia hapo unaishi ndani ya kifaa hicho. Meza ya duka imebebwa hadi Makunduchi, na ghala limebaki ng’ambo.

Neno “hapa”

Mtengenezaji anapoanza kazi, kwa kawaida huziweka pande zote mbili ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Huuagiza ukurasa upeleke fomu kwenye anwani 127.0.0.1. Nambari hiyo imetengwa duniani kote kwa maana moja tu: mashine hii hii, hapa hapa. Fomu inakwenda, jibu linarudi, na kila mtu anafurahi. Baadaye kazi huhamishiwa winguni, yaani katika kompyuta kubwa za kukodi, na ukurasa unapofunguliwa hufunguka vizuri kabisa, rangi na vitufe vikiwa mahali pake. Afisa anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na hakuna kinachotokea.

Barua iliyoandikwa Shangani ikasema “njoo hapa”, nayo ikasomwa Makunduchi bila ya bahasha, itamwacha msomaji akiwa pale pale alipo. Ndivyo ilivyokuwa kwa ukurasa ule. Uliambiwa upeleke fomu “hapa”, nao sasa umo ndani ya kishikwambi cha afisa. Kwa hiyo ulikitafuta kishikwambi chenyewe, ukabisha hodi, na kwa kuwa hakuna huduma yoyote ndani yake, haukujibiwa. Mtengenezaji akiujaribu ukurasa huo katika kompyuta yake, ambako huduma ya majaribio bado inafanya kazi, ataona hauna tatizo lolote. Atalaumu mtandao wa simu. Siku mbili zinaweza kupita hivyo.

Neno hilo hilo hudanganya pia upande wa pili, na ili kufahamu namna linavyodanganya ni lazima kwanza kueleza makontena.

Makontena yasiyo ya bandarini

Kila anayepita karibu na bandari ya Malindi anajua kontena ni nini, na anajua manufaa yake: winchi haihitaji kujua kama ndani mna mchele au saruji, kwa kuwa sanduku lina vipimo vya kawaida. Usafirishaji wa namna hiyo ulianza kushika kasi baada ya safari ya meli Ideal-X nchini Marekani mwaka 1956. Wanakompyuta waliazima neno na wazo pia. Kontena la kompyuta ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji ili ifanye kazi, hivyo kwamba inaweza kuondolewa katika mashine moja na kuwekwa katika nyingine bila ya kubadilishwa. Mbinu zake za ndani ni za zamani, lakini zilienea hasa baada ya chombo kiitwacho Docker kutolewa mwaka 2013, na mwaka uliofuata kampuni ya Google ikatoa Kubernetes, programu ya kuyasimamia makontena mengi kwa pamoja.

Kontena hujiona kama kwamba ni mashine nzima. Lina “hapa” yake. Huduma iliyomo ndani ikiagizwa isikilize katika 127.0.0.1 tu, itasikiliza sauti ya kontena lake mwenyewe na si nyingine. Hata kontena la jirani, lililo katika mashine hiyo hiyo, haliwezi kulifikia. Ni mtu aliyejifungia chumbani akisubiri mgeni abishe hodi kutoka ndani. Dawa yake ni kuiagiza huduma isikilize katika njia zote zinazoingia ndani ya kontena, kisha msimamizi wa wingu achague ni ipi ifunguliwe kwa nje.

Makontena yaliyo pamoja huitana kwa majina yao ya ndani. Kontena la huduma linaweza kuliita la hifadhidata kwa jina “kumbukumbu”, na likapatikana. Jina hilo ni la ndani ya nyumba, kama majina ya kupanga ambayo watoto huitwa na bibi yao. Mpita njia akiyatumia barabarani hapati wa kumwitikia. Kivinjari cha afisa ni mpita njia. Kisha kuna jambo la kifo. Kontena likianguka, msimamizi wake huliondoa na kuanzisha jipya, mara nyingi likiwa na anwani mpya ya ndani, na vyote vilivyoandikwa ndani ya lile la zamani hupotea pamoja nalo. Kwa hiyo kumbukumbu za wagonjwa huwekwa katika hifadhi iliyo nje ya kontena, na hilo si jambo la kukumbukwa baada ya msiba.

Bawabu na kanuni ya asili moja

Nyumba za matajiri wa Mji Mkongwe zilijengwa zikitazama ndani. Kwa nje kuna mlango mmoja mkubwa wa nakshi, na maisha yote yamo nyuma yake. Huduma ya winguni hujengwa kwa namna hiyo. Mbele ya makontena yote huwekwa programu moja ya mlangoni, bawabu, yenye jina linalojulikana na ulimwengu mzima na lisilobadilika. Kivinjari huongea na bawabu tu, aghalabu kupitia mlango nambari 443, ambao ndio wa mazungumzo yaliyosimbwa. Bawabu ndiye anayejua ni kontena gani lililo hai saa ile, na likifa moja huupeleka ujumbe kwa jingine bila ya afisa kutambua.

Hata baada ya anwani kuwa sahihi, kivinjari chenyewe kinaweza kukataa. Tangu mwaka 1995, wakati wa kivinjari cha Netscape, ilipo kanuni kwamba ukurasa uliotoka mahali pamoja usiruhusiwe kusoma majibu ya mahali pengine. Sababu yake ni nzuri. Bila ya kanuni hiyo, ukurasa wowote wa upuuzi ambao mtu ameufungua ungeweza kuiuliza benki yake, kwa jina lake, na kusoma salio. “Mahali” hapa hupimwa kwa ukali: namna ya mawasiliano, jina la seva na nambari ya mlango, vyote vitatu vilingane. Ukurasa ukihifadhiwa katika jina moja na huduma katika jina jingine, kivinjari huwaona kuwa ni wageni hata kama ni wa wizara moja, na wamelipiwa kwa hundi moja.

Njia ya kuruhusu ugeni huo ilipitishwa rasmi mwezi wa Januari 2014 na shirika linalosimamia viwango vya mtandao wa dunia. Huduma hutamka katika majibu yake kwamba inawakubali wageni kutoka jina fulani. Kwa maombi mazito zaidi, kama vile kupeleka fomu katika muundo ambao vivinjari hawakuuzoea tangu zamani, kivinjari hutuma kwanza ombi dogo la kuulizia ruhusa, na fomu hufuata baada ya ruhusa kupatikana. Mtengenezaji aliyechoka hushawishika kuandika kwamba wageni wote wanakaribishwa. Kwa taarifa za hali ya hewa hakuna ubaya. Kwa orodha ya majina ya wagonjwa na nyumba zao, ni sawa na kuutoa mlango kwenye bawaba kwa sababu ufunguo ulikuwa mgumu.

Lililo jema zaidi, pale linapowezekana, ni kuziweka pande zote mbili nyuma ya bawabu mmoja na chini ya jina moja. Anayeomba ukurasa hupelekwa kwenye kontena la kurasa, na anayepeleka fomu hupelekwa kwenye kontena la huduma. Ukurasa hauhitaji tena kutaja mji wala mtaa. Husema tu “rudi kule ulikonitoa”. Tatizo la “hapa” na tatizo la ugeni huondoka kwa pamoja.

Waya chini ya bahari

Mji Mkongwe si mgeni wa mawasiliano ya mbali. Mwaka 1879, wakati wa Sultani Barghash, waya wa simu za maandishi ulilazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, na kutoka hapo kwenda Msumbiji na Durban. Kisiwa kidogo cha Bawe, kinachoonekana kutoka ufukweni Shangani, kilitumiwa na kampuni ya waya huo. Tangu mwezi wa Julai 2009, waya wa Seacom ulipofika Dar es Salaam, na EASSy mwaka uliofuata, Tanzania imeunganishwa na dunia kwa nyuzi za kioo ambazo ndani yake mwanga husafiri kilomita zipatazo 200,000 kwa sekunde.

Hiyo ni kasi kubwa, lakini si kubwa isiyo na kikomo. Seva ikiwa mwisho wa njia ya kilomita 10,000, swali na jibu lake huchukua si chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, hata kama mashine zote ni bora. Muda huo ni mdogo kwa swali moja. Lakini kufungua mazungumzo yaliyosimbwa kuna kwenda na kurudi kwake, kuulizia ruhusa kuna kwenda na kurudi kwake, na ukurasa ulioandikwa ovyo huweza kuuliza maswali thelathini, moja baada ya jingine, kabla ya kuonyesha orodha ya kaya za shehia moja. Mtengenezaji aliyejaribia kazi yake mezani, ambako kila jibu hurudi papo hapo, hakuona lolote.

Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zote mbili zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Tukio kama hilo humfanya mtu aulize kwa nini seva zisiwekwe nyumbani. Swali hilo ni la haki, hasa kwa kumbukumbu za afya. Lakini Unguja ina kumbukumbu nyingine pia: mwaka 2008 kisiwa kilikosa umeme wa Bara kwa muda wa karibu mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakosa tena kwa miezi mitatu hivi, kwa hitilafu ya njia ya umeme ya chini ya bahari. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013. Seva iliyo ng’ambo hutegemea waya wa mawasiliano. Iliyo kisiwani hutegemea waya wa umeme. Mtengenezaji mwenye busara hachukulii kwamba mmoja wao ni mzima daima.

Mtandao unapokatika

Hapa ndipo ile hifadhidata ya CouchDB inapopata maana yake. Imebuniwa ili nakala mbili za kumbukumbu ziweze kuishi mbali mbali, kila moja ikiandikwa peke yake, na zinapokutana tena zipeane yale ambayo kila moja inayakosa. Afisa aliye ndani ya nyumba yenye kuta za mawe, au kijijini ambako mnara wa simu hauonekani, huijaza fomu na kuihifadhi katika kishikwambi. Anapima, anatibu, anaandika matokeo. Jioni, akipata mtandao, nakala yake na ya winguni hulinganishwa. Vivinjari vya siku hizi huweza kufanya hivyo hata bila ya programu ya ziada, kwa kutumia kijumbe kinachobaki ndani ya kivinjari baada ya ukurasa kufungwa. Ila ruhusa hiyo hutolewa kwa kurasa zilizokuja kwa njia iliyosimbwa tu. Tangu mwaka 2016 kivinjari cha Chrome kimeweka sharti hilo hilo kwa ukurasa unaotaka kujua mahali kifaa kilipo, jambo ambalo afisa anayechora ramani ya nyumba za wagonjwa hawezi kulikwepa.

Limebaki tatizo moja lililojificha kuliko yote. Tuseme fomu imetumwa, huduma imeipokea na kuiweka, na mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Kishikwambi hakina njia ya kutofautisha hali hiyo na ile ambapo fomu haikufika kabisa. Kikikaa kimya, huenda mgonjwa akapotea. Kikituma tena, huenda mgonjwa mmoja akaandikwa mara mbili, na katika shehia ambayo haijaona malaria kwa mwezi mzima, wawili badala ya mmoja ni habari nyingine kabisa: kikosi cha kupulizia dawa kinaweza kupelekwa huko, na shehia iliyokuwa na wawili wa kweli ikasubiri.

Jibu lake ni la zamani kuliko kompyuta, na makarani wa posta walilijua. Kila fomu hupewa nambari yake ya pekee, ndefu kiasi kwamba haiwezi kugongana na nyingine, na hupewa nambari hiyo ndani ya kishikwambi pale inapoanza kujazwa, kabla ya kusafiri popote. Huduma ikipokea fomu yenye nambari ambayo tayari inayo, haiongezi mgonjwa. Hujibu tu kwamba imefika. Kishikwambi kinaweza kutuma mara mbili au mara ishirini. Iwapo maafisa wawili waliirekebisha fomu moja wakiwa mbali na mtandao, CouchDB huchagua nakala moja ya kuonyesha lakini huitunza na ya pili, na mtu mwenye kuijua kaya ile ndiye anayetakiwa kuzitazama zote mbili na kuamua. Kazi hiyo hakuna kontena linaloweza kuifanya, na ni vyema ipangiwe mtu na saa yake tangu siku ya kwanza.